Kaburi la Bibi wa Darsa

Mwaka 2022, kusi ikivuma kwa nguvu nami nina miaka sitini na miwili, kamati ya wanaume wa mtaa wetu wa Jomvu Kuu iliamua kwamba kaburi lililo nyuma ya msikiti wa zamani ni la sheikh mgeni aliyetoka Arabuni. Ilikuwa Jumapili, tarehe 17 Julai. Kibao kilikuwa kimekwisha kuchorwa. Ukuta nao ungejengwa, wenye mlango wa chuma na kufuli, na wanawake wasiruhusiwe kuingia.

Kaburi lile ni la mwanamke. Alisomesha wasichana Qur'ani kabla ya bibi yake bibi yangu kuzaliwa, nasi tuliotokana na chuo chake humwita Bibi wa Darsa. Jina lake lenyewe halitiwi katika maandishi. Hutajwa kwa ulimi tu, hasa pale kaburini. Msichana akihitimu, mwalimu wake humpeleka akaoshe jiwe kwa maji ya mawaridi, kisha asimame ataje silsila: nimesoma kwa fulani, naye alisoma kwa fulani, mpaka afike kwa aliyelala pale. Mimi nilisimama hapo mwaka 1973. Mjukuu wangu alitarajiwa kuhitimu mwezi wa Rajabu, na mlango ukifungwa angekuwa wa kwanza katika ukoo wetu kukosa kusimama.

Niliingia mkutanoni bila kualikwa. Mwenyekiti ni muuza mbao, rafiki wa marehemu mume wangu.

"Shemeji, karibu. Chai ya wanawake iko uani."

"Sikuja kunywa chai. Kaburi lile ni la mwanamke."

"Umejuaje?"

"Nyinyi mwajuaje kuwa ni la mwanamume?"

Akanieleza taratibu, kama anayemfunza mtoto kuvaa viatu. "Miaka yote twawaona mkija na ubani. Mnataka watoto, mnataka waume. Wanawake hamwendi kumwomba mwanamke mwenzenu, mwamwendea sheikh. Wallahi, hilo halihitaji msomi."

"Hatwendi kumwomba. Twaenda kumwarifu kuwa tumehitimu."

"Haya ni mambo ya historia, shemeji. Si ngumbaru."

Wakacheka. Ni kweli, niliingia masomo ya watu wazima Januari 2004, nilipokwisha kutoka eda, na mtihani wa darasa la nane nikaufanya Novemba 2008, nikiwa na miaka arubaini na minane.

"Ngumbaru niliimaliza," nikamwambia. "Wewe shule uliiacha darasa la tano."

Cheko likahama upande. Kibao hakikuhama. Nilipouliza ni nani aliyehojiwa, nikaambiwa watu wote waliulizwa, msikitini, baada ya sala ya isha. Pale msikitini hakusali mwanamke hata mmoja. Niliwaeleza hilo katika mikutano mitatu, na katika yote mitatu nililetewa soda.

Nikamwendea imamu, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukiulizwa elimu yako umeipata kwa nani, huwataji walimu wako, na walimu wa walimu wako?"

"Huwataja."

"Na ukiambiwa mmoja wao ni mtu mwingine?"

Akauliza kama yuko mwingine anayeijua silsila. Nikamwambia wako wawili, mmoja Likoni na mmoja Kisauni, waliosoma kwa walimu tofauti na wangu. Akasema atamsikiliza kila mmoja peke yake, mbele ya mashahidi, inshallah wiki ijayo.

Wiki ijayo kulikuwa na harusi. Baadaye shahidi akasafiri, kisha gari likaharibika. Ukuta ukafika mabegani. Nikamwomba neno hilo tukufu, inshallah, asinitajie tena ila akiwa amekwisha kuvaa viatu.

Alivivaa Januari. Bibi wa Likoni alikataa kufungua kinywa mpaka imamu akatie udhu kwanza. Yule wa Kisauni, mgonjwa, alisoma silsila yake kitandani, akapumzika katikati, akaendelea. Kisha imamu akanisikiliza mimi. Majina yetu yalipita njia tatu mbalimbali na yote yakaishia kwa mwanamke mmoja.

Jumapili, 19 Februari 2023, mbele ya watu wa mtaa, imamu alitangaza uamuzi: kibao kishushwe, kiandikwe kingine cha Bibi wa Darsa, na ufunguo ukae kwa wanawake wa chuo. Mwenyekiti akanikabidhi ufunguo kwa mkono wa kulia, macho yake yakitazama mnazi.

"Basi, shemeji, usafi sasa ni juu yenu."

"Ulikuwa juu ya nani?" nikamuuliza.

Nikafungua kufuli, na mjukuu wangu akatangulia na maji ya mawaridi.