Mtu wa Kumi

Sinagogi yetu ya Guangzhou, China, ilikuwa sebule ya mzee mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, ghorofa ya juu katika jengo lililonuka samaki wakavu. Ijumaa jioni viti vilisogezwa ukutani, mkewe akaifunika mikate kwa kitambaa, na Wayahudi wachache waliokuja mjini kununua bidhaa wakaingia mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyesimama kwenye lifti kuwapokea. Nilikuwa mwenyeji kuliko wengi wao, tena mzee alisema nina uso wa kukaribisha. Nilimpa mgeni kofia, nikamwonyesha pa kunawa, nikamketisha karibu na mtu atakayeelewana naye. Niliringia kazi ile kupita kiasi.

Kwetu ni nyanda za juu za Kenya. Baba aliliacha kanisa kabla sijazaliwa, akaishika Torati pamoja na majirani wachache, na kijiji kizima kikamcheka. Alinifundisha sala za Kiebrania kutoka kitabu kisicho na jalada. Hakuna rabi aliyewahi kutufikia, wala hatukujua kama anahitajika.

Kisha simu ikanikuta mtaa wa Xiaobei, kwenye hoteli niliyokuwa nikilala. Baba amefariki na wameshamzika.

Nilimwendea mzee siku ileile, nikamwomba Ijumaa nisome Kadishi. Hiyo ni sala ambayo mwana humsomea mzazi aliyefariki, nayo haisomwi mpaka wawepo wanaume kumi wa Kiyahudi. Mzee alinikumbatia, akalia nami, kilio cha kweli. Halafu akapangusa macho.

"Ijumaa hii tutakuwa tisa," akasema.

"Pamoja na mimi?"

"Bila wewe."

"Basi tumetimia kumi."

"Mwanangu, wewe ni ndugu yetu. Lakini hukupita mbele ya baraza la marabi likakuthibitisha Myahudi. Siwezi kukuhesabu."

Nilimsimulia Mzanzibari niliyeshirikiana naye chumba, Mwislamu mwenye mdomo mwepesi, akiwa amezungukwa na maboksi ya midoli aliyoyanunua soko la Yide Lu.

"Ala! Yaani kama malaoban, wenye maduka? Unafika, wakwambia meiyou, hakuna?" akasema. "Sisi ukikuta watu wasali, waingia safu, khalas. Pole sana, kaka yangu."

Nilimkemea. Nikawatetea watu wangu, nikamwambia sheria ni sheria. Kisha nikageukia ukuta, nikalia kwa hasira.

Ijumaa ikafika, na wale tisa wakakaa. Nilisimama kwenye lifti kama kawaida, safari hii nikimwomba Mungu aniletee Myahudi yeyote, hata mlevi. Lifti ikafunguka, akatoka mama wa Kichina na mboga zake. Ikafunguka tena, tupu. Jua lilikuwa limezama alipotokea kijana mmoja aliyekuja kununua viatu soko la Zhanxi, ambaye aliambiwa hapa kuna chakula cha nyumbani.

"Sijaingia sinagogi tangu utotoni," akasema, kama anayeungama.

"Mama yako ni Myahudi?"

"Ndiyo, ila mimi mwenyewe..."

"Karibu sana!" Nilimvisha kofia kabla hajamaliza; kwa sheria, aliyezaliwa na mama Myahudi anahesabiwa.

Hakujua hata kitabu cha sala kinafunguliwa upande gani. Nilimfungulia, nikawa namwonyesha mistari kwa kidole. Wakati wa Kadishi ulipofika, nikasimama nikaisoma kwa moyo, kama nilivyofundishwa nyumbani. Kijana alichelewa kuitikia Amina, nami nikawa namngoja. Nilikuwa na uchungu. Ulikuwa wa msiba, na ulikuwa wa wivu pia, sitaficha.

Mezani mzee alimketisha kijana ubavuni pake, akamshukuru kwa kutukamilisha. Sifa zilimtia kijana haya, akanigeukia mimi.

"Pole kwa msiba," akasema. "Na baba yako alikuwa Myahudi?"

Mzee akainamia sahani yake. Mkewe alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi mkononi. Jibu la sheria nililijua. Nilijua pia kwamba baba alichekwa miaka yote ile na hakuiacha Sabato hata moja.

"Ndiyo," nikasema, na sauti ikanipanda kuliko nilivyotaka. "Alikuwa Myahudi."

Nilingoja mtu aseme neno, la kukubali au la kukataa. Mke wa mzee akaniongezea mchuzi, tukaendelea kula.