Wanawake wa Mgodini Sebuleni Kwangu

Mume wangu nilikutana naye Morogoro, enzi zile wakimbizi wa siasa wa Afrika Kusini walipokuwa wakiishi kwetu. Nchi yake ilipopata uhuru nikamfuata Durban, tukapanga fleti Albert Park. Yeye akapanda vyeo katika chama cha wachimba makaa ya mawe mpaka akawa miongoni mwa viongozi. Mwishoni mwa miaka ya tisini ukaitishwa mgomo wa nchi nzima. Akaniaga, akaenda Johannesburg kujadiliana na wenye migodi. Ikawa namwona kwenye televisheni tu.

Mgomo ulipokuwa umeshawachosha watu, nilisikia hodi. Walikuwa wake wa wachimbaji, wametoka kaskazini mwa mkoa kwa teksi, vile vibasi vya huko, wengine na watoto mgongoni. Walikaa chini ingawa viti vilikuwepo. Nikawapa chai. Kizulu changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo mkubwa wao alisema polepole.

“Makoti,” aliniita, kama wanavyomwita mke aliyeolewa kwao, “hatumpingi mumeo. Lakini tumeambiwa mgomo ukiendelea mgodi wetu utafungwa. Mwambie awarudishe wanaume kazini. Wewe atakusikia.”

Nikapiga simu hotelini kwake palepale, kwa Kiswahili, wao wakinitazama mdomo.

“Baba watoto, wake za wachimbaji wako hapa. Wanasema mgodi wao utafungwa.”

Akauliza, “Wamefikaje huko?”

“Wamefika. Niwaambie nini?”

“Eish, mke wangu. Nikiwarudisha waume zao peke yao, mgomo wote umevunjika. Labda wenye mgodi wanatutisha, labda kweli wataufunga. Nitajuaje?”

“Niwaambie hujui?”

“Waambie nawapigania.”

Nikawaambia hivyo. Maneno mengine sikuwa nayo kwa Kizulu, na hata ningekuwa nayo sidhani ningeyatoa. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya mtoto.

Mgomo uliisha kwa ushindi. Mishahara ikapanda, mume wangu akabebwa mabegani. Mgodi wa wale wanawake ukafungwa.

Mume wangu alitaka kwenda mgodini kuwaeleza mwenyewe, nikaenda naye. Wanaume walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Nilitarajia wamzomee, walimsikiliza tu, na hilo ndilo lililomnyong'onyeza. Akaendelea kuzungumza mpaka sauti ikamkauka, akirudia yale yale.

Yule mama alinishika mkono, akanipeleka nyumbani kwake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, nao walishaambiwa wahame. Nyuma kulikuwa na kabichi alizozipanda kabla ya mgomo, bado hazijafunga vichwa. Nikamwambia samahani. Akasema, “Ungefanya nini, makoti?” Akainama akaanza kuzing'oa, changa hivyo hivyo, akinipa nimshikie. Nilizipokea mpaka mikono ikajaa, na kutoka uwanjani nilikuwa bado namsikia mume wangu akieleza.