Nikeli ya Emil Reisig

Lavonne Reisig alipikia wanafunzi wa shule moja ya Gering, Nebraska, kwa miaka ishirini na sita. Kumi na mmoja ya mwisho nilikuwa naye jikoni, mimi kwenye masufuria, yeye kwenye unga. Muda wote huo sikuwahi kumsikia akimkaripia mtoto. Kwa hiyo siku alipomfokea mwanamume mzima mbele ya ukumbi uliojaa watu, nilijua yamemfika shingoni.

Kisa kilikuwa rivolva ya babu yake. Ilikuwa ndogo, ya risasi tano, ya kukunja katikati, yenye kishikio cheusi cha mpira mgumu na mwili uliopakwa nikeli, madini meupe yanayong'aa. Babu alipofariki mwaka 1958 aliiacha kwa Emil, baba yake Lavonne, ambaye ndiye kitinda mimba. Kaka mkubwa wa Emil, Reinhold, hakulimeza hilo kamwe. Enzi hizo Emil alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya kuchovya bampa za magari katika nikeli, na Reinhold akaanza kusema kwamba Emil aliichukua silaha ya baba yao, ya buluu safi kama ilivyotoka kiwandani, akaitumbukiza kwenye pipa la bampa.

Alilisema hilo kila Krismasi. Alilisema kwenye arusi ya Lavonne. Mwaka 1998, Emil alipozikwa, alilisema tena kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, watu wakila mikate ya kabichi na nyama. "Alikuwa mtu mwema, Emil. Ila ile bastola aliiharibu." Emil mwenyewe, alipokuwa hai, hakuwahi kujibu. Aliinuka tu akaenda kuangalia gari.

"Na mimi sikumuuliza," Lavonne aliniambia. "Unajua kwa nini? Niliogopa atasema ndiyo."

Alipostaafu akaamua ajue: ilitengenezwa lini, na nikeli ile ni ya nani. Katika majira ya kuchipua ya 2015 tulikwenda pamoja kwenye maonyesho ya silaha. Mlangoni waliikagua kama haina risasi, wakaifunga utepe wa plastiki, tukaingia kati ya meza.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na mikanda ya suruali mabegani na ndevu za kahawia. Alisoma maandishi juu ya mtutu kwa sekunde tatu, kisha akamtazama bwana mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yetu akila soseji.

"Ya mwaka 1889," akamwambia yule bwana. "Imeandikwa hapa."

"Mimi simjui huyu mama," yule bwana akasema.

"Imechovywa upya," muuzaji akaendelea, bado akimtazama yeye. "Ona herufi zilivyolika. Mtu kaisugua kwanza, halafu kaipaka. Haina thamani tena."

"Kaipaka nani?" Lavonne akauliza. "Lini?"

"Karakana yoyote ya bampa, bosi," akamjibu mla soseji.

Hapo ndipo Lavonne alipomfokea, "Niangalie mimi ninapokuuliza! Bastola ni yangu!" Watu wa meza tatu wakageuka. Muuzaji akairudisha kwa vidole viwili, kana kwamba ina moto.

Wa pili alisema ni ya miaka ya ishirini, nikeli ni ya kwake ya asili, na angependa kuinunua hapo hapo. Wa tatu alipiga picha kwa simu, akasema atamuuliza shemeji yake. Wa nne alimshauri Lavonne anunue kitu kipya chepesi cha kubeba kwenye pochi, kuna cha rangi ya waridi. Kufikia saa sita mashavu ya Lavonne yalikuwa mekundu.

Karibu na mlango wa kutokea aliketi Duane Wickersham, fundi wa meno bandia aliyestaafu, mezani kwake hakuna cha kuuza isipokuwa vitabu na bisibisi ndogo. Hakumkaribisha mtu. Lavonne aliiweka rivolva mbele yake akasema, "Na wewe nidanganye, nimalizie siku."

"Nani kakudanganya?"

"Wote. Mmoja kasema 1889."

Wickersham akaguna. "Huyo kasoma tarehe ya hataza. Ni siku walipoandikisha ubunifu wao, basi. Walizichapa tarehe hizo hizo miaka na miaka." Akaigeuza, akasoma namba chini ya kishikio, akafungua kitabu. "Kwa namba hii, kati ya 1903 na 1906. Mwaka kamili wanao kiwandani, uandike barua. Nikeli umeambiwaje?"

"Karakana ya bampa. Kwetu wanasema ni baba yangu."

"Angalia nyundo yake. Na kifyatulio."

Tukaangalia. Havikuwa na nikeli. Vilikuwa na mawingu ya kahawia na buluu iliyofifia, kama mafuta juu ya maji.

"Mtu wa bampa angechovya kila kitu, mpaka skrubu. Aliyefanya hii alijua kipi kiachwe. Na hii nyota ndogo kando ya namba, hukuiona?"

"Nilidhani ni mkwaruzo."

"Kishikio umewahi kukifungua?"

"Hakuna aliyeniambia kinafunguka!" Lavonne alisema.

Wickersham akalegeza skrubu moja, akaondoa vipande viwili vya mpira. Kwenye chuma cha ndani, chini ya vumbi jeusi, kulikuwa na herufi R na N, na kando yake 6.31. Akampa Lavonne lenzi.

"Nyota maana yake ilirudi kiwandani ikatengenezwa upya. R-N, imerudishiwa nikeli. Juni, 1931. Herufi za juu ya mtutu zimelika kwa sababu waliisugua wao wenyewe. Yule mwenzangu alikuwa sahihi nusu, na nusu ndiyo mbaya kuliko zote."

Lavonne hakuitoa lenzi jichoni. "Baba yangu alizaliwa mwaka 1929," akasema.

"Basi alianza kazi mapema," Wickersham akajibu, kisha akamwona uso, akaanza kukirudisha kishikio.

Nilitaka twende tukale. Hakutaka. Tukaendesha moja kwa moja hadi nyumba ya wazee alikokuwa Reinhold, miaka tisini na mmoja, blanketi magotini. Lavonne aliiacha silaha kwenye buti ya gari, akaingia na karatasi ambayo Wickersham alikuwa ameiandika na kutia sahihi. Alimsomea polepole, neno kwa neno, kwa sababu masikio ya mzee hayakuwa mazuri.

"Juni 1931, baba mkubwa. Ulikuwa na miaka saba. Emil alikuwa na miwili. Ni babu aliyeituma."

"Ndiyo," Reinhold akasema. "Ilikuwa na kutu. Baba aliituma kwa posta, sanduku la mbao. Nakumbuka lile sanduku."

Lavonne akakaa kitandani. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka vizuri. Tulilifanya kiota cha kuku."

"Sasa kwa nini ulisema ni Emil?"

"Nani kasema?"

"Wewe! Miaka hamsini na saba! Kwenye msiba wake ulisema!"

Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli, au mshangao uliofanana na wa kweli, mimi mpaka leo sijui. "Mimi? Sijawahi kusema hivyo, Lavonne. Kwa nini niseme jambo kama hilo juu ya mdogo wangu?" Kisha akauliza kama tumemletea mkate wa kabichi.

Lavonne aliikunja karatasi mara nne, akambusu mzee kwenye paji la uso, akatoka. Tulipovuka mfereji akaniambia nisimamishe gari. Alishuka, akaruka mtaro, akaingia shamba la viazisukari lililolimwa juzi. Alitembea kwa kishindo mpaka akawa mdogo kule mbele, na nikaona mikono yake ikirushwa huku na huku. Upepo ulikuwa wa kuja kwangu lakini maneno hayakufika.

Alirudi na matope hadi magotini.

"Neno moja tu nilitaka," akasema. "'Nilikosea.' Hata angelisema vibaya, hata angelisema akitafuna."

Akafunga mlango kwa nguvu iliyotikisa kioo. "Endesha," akaniambia. "Na usinifariji."