Matofali ya Bibi Thoeun

Bibi Thoeun ana miaka sabini na moja, na hawezi kuvumilia kuona kitu kimekaa ovyo. Ndiyo maana kamati yetu ya kijiji hapa mlima Kulen, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, ilimpa kazi ya kutunza mnara wa kale wa matofali, uliobomoka nusu. Mkataba wetu na hifadhi ya mlima ulikuwa wazi: sisi tuutunze mnara, wao watuache tuchume matunda msituni. Tukiharibu, msitu unafungwa.

Siku tatu kabla ya Mwaka Mpya, bibi aliona aibu. Mzimu anayelinda mnara aupokee mwaka na matofali yamezagaa hivyo? Akayaokota yote themanini na sita, akayarundika vizuri kando.

Rotha, mtaalamu wa mambo ya kale wa hifadhi, alipofika alishika kichwa.

"Bibi! Pale tofali lilipoangukia ndipo tunaposoma jinsi mnara ulivyobomoka!"

"Mnasoma uchafu?"

Niliwaza kijiji kizima bila matunda. Nikamfokea: "Si nilikwambia usiguse kitu?"

Bibi alinitazama kidogo tu.

"Aliniambia," akamwambia Rotha. "Nimesahau. Uzee huu, mwanangu. Lakini unadhani nitachukua kitu cha mzimu bila kuomba? Hebu tazama chini."

Tukatazama. Kila alipookota tofali alikuwa amechomeka kijiti cha udi, kama tufanyavyo sote tukitoa kitu mahali pa mzimu.

"Nilianzia mlangoni nikazunguka kulia," akasema. "La kwanza liko chini kabisa, la mwisho juu."

Rotha akachukua la juu, akalipeleka kwenye kijiti cha mwisho. Likaingia kwenye alama yake udongoni, sawasawa. Akacheka kwa sauti. Kwa siku mbili tuliyarudisha, bibi akitusimamia na kutuita wavivu, na msitu haukufungwa.

Sasa niseme ukweli. Sikumwambia asiguse. Bibi hajui kusoma, na siku ya kumsomea mkataba nilikuwa na haraka, nikaruka ukurasa mzima, ule unaokataza kugusa kitu. Yeye alijua sikumwambia, akabeba lawama ili mwenyekiti asiumbuke mbele ya mgeni. Hajawahi kunikumbusha. Nikipita kwake ananiuliza tu, "Umekula, mwanangu?"

Asante, bibi. Jana nilikuja na mkataba, nikakusomea wote, nikianza na ukurasa ule niliouruka.