Waya Upande wa Mto

Rosette hafungi waya ovyo. Pale Baraka, mji wa Fizi kando ya ziwa, wapo wanaume wanaojiita mafundi wa uzio, na ukishika njia ya kwenda Mboko utaikuta kazi yao imelala pembeni ya barabara kama mlevi wa siku ya soko. Nguzo zimeinama, waya umelegea, mbuzi wanapita bila hata kuinamisha kichwa. Rosette akipita pale juu ya pikipiki hugeuza uso. Anasema kuangalia kazi mbaya kunaumiza macho kuliko moshi.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na nane, mama wa watoto watano, mwenye darasa la sita la primeri na mdomo usiojua kungoja zamu. Kazi hii aliianza mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Lusenda ilipofunguliwa na vibarua wakahitajika kila mahali. Yeye aliandikwa kubeba miviringo ya waya, kwa sababu, walisema, mwanamke anajua kubeba. Akabeba siku tatu huku akiwatazama wanaume wakifunga vibaya. Siku ya nne akaweka mzigo chini, akamwambia mkubwa wa kazi, "Papa, unipe koleo hata saa moja tu. Kama nikiharibu, unifukuze." Koleo lile hakulirudisha mpaka jioni, na kesho yake hakuna aliyemwita mbebaji tena.

Kufunga waya kwenye nguzo ya chuma si kuzungusha tu. Unakata kipande cha waya laini mweusi, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Unakipitisha nyuma ya nguzo, ncha zote mbili zinakuja mbele zinaukumbatia waya wa miiba, halafu koleo linasokota. Mara tatu inatosha. Ya nne inakatika, na mwenye kiburi ndiye anayejaribu ya nne. Ncha zilizobaki zinakunjwa kulalia chuma, ili kikwembe cha mpita njia kisichanike. Kibao nacho kina adabu yake: kati ya bati na nguzo unaweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, la sivyo upepo wa ziwa utakitikisa usiku na mchana mpaka waya ujikate wenyewe.

Na liko jambo ambalo fundi wa kweli hafundishwi mara mbili: waya hukaa upande wa yule anayesukuma. Kama unazuia ng'ombe asitoke, waya unakaa ndani. Kama unazuia mbuzi asiingie, unakaa nje. Akisukuma, anaubana waya kwenye nguzo, hawezi kuubandua. Kwa hiyo Rosette akiuona uzio wowote anajua umewekwa kwa ajili ya nani, hata kama mwenyewe hayupo.

Tena alikuwa na sheria yake. Hakufunga fundo la kwanza kabla majirani wa pande zote nne hawajaja kushika nguzo za pembeni kwa mikono yao, kila mmoja ya kwake, na kusema mbele ya watu, "Mpaka ni hapa." Ndivyo wazee wa pale walivyofanya walipopanda miti ya mpaka, na nguzo ya chuma ni mti tu usioota majani. Aliwahi kumkatalia mchungaji mzima wa kanisa kwa sababu jirani mmoja alikuwa amesafiri Ubwari. Mchungaji akangoja siku tano mtumbwi urudi.

Sasa mtu huyo huyo, mwenye sheria hiyo, ndiye aliyedanganywa na Placide.

Placide ni mfanyabiashara, mwenye mitumbwi miwili ya injini na viatu visivyojua tope. Alikuja nyumbani kwa Rosette akasema amepata parseli ya ardhi kule chini, karibu na mto unapoingia ziwani, na mbuzi wanamharibia shamba. Rosette akamwambia aite majirani. Placide akacheka, akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa na muhuri wa shefu wa kartié, yaani mkuu wa mtaa; wa buluu, umekolea vizuri.

"Mama, majirani ni bapumbavu ya zamani," akasema. "Leo ni karatasi. Shefu alipiga kashe, neno limeisha."

Rosette akausoma muhuri. Na akakubali kazi. Hapo ndipo mpaka leo anajichukia. Miaka kumi anawaambia watu kwamba muhuri hauna miguu wala macho, halafu siku moja analetewa karatasi safi na yeye anatulia kama kuku aliyewekwa kwenye kikapu.

Jumanne walisimamisha nguzo, hatua moja moja kama Placide alivyotaka, yeye na shemeji yake Jérémie anayechimba mashimo. Jumatano wakavuta waya, mistari minne. Chini kabisa, hatua chache kabla ya mto, kulikuwa na vidimbwi kumi na zaidi, vimefunikwa majani ya migomba na kukandamizwa mawe. Harufu ilijitangaza yenyewe. Mihogo ya kuloweka haina siri. Rosette akauliza ni ya nani.

"Ya bafanyakazi yangu," akajibu Placide.

"Na hii njia inatoka mutoni?"

"Ya mbuzi. Zinavuka, zinakuja kula kwangu. Kwa hiyo waya uweke upande wa mto, mama. Kaza sana."

Akaweka upande wa mto. Akakaza sana. Jamani, mbuzi gani wa Fizi anavuka mto? Mbuzi ukimwagia kikombe cha maji anakimbia mpaka mlimani. Rosette amefuga mbuzi tangu hajaota meno ya utu uzima, anajua hivyo vyote, na bado mikono yake ilisokota mara tatu, nguzo kwa nguzo, vizuri kabisa, kazi ambayo hakuna mtu angeipita.

Alhamisi asubuhi kibao kikaja. Placide alikileta mwenyewe kwa pikipiki, kimezungushiwa mfuko wa mchele. Bati jeupe, herufi nyekundu, Kifaransa. Rosette alikuwa amekata vipande vya mpira na kufunga tundu moja la juu, kibao kinaning'inia upande, alipoinua macho akawaona wanawake wanavuka mto juu ya mawe. Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na kitunga kitupu kichwani. Mbele yao alikuwa Munira, mama mtu mzima wa familia za Waislamu wa ng'ambo ile, ambaye anauza unga sokoni Baraka na hana shamba lingine wala mume wa kumsaidia. Akaja mpaka kwenye waya, akasimama.

"Rosette."

"Yaya Munira. Karibu," akajibu Rosette; yaya huku ni dada mkubwa.

"Karibu wapi? Unanikaribisha na miiba katikati, sawa niko mwizi?"

Wanawake nyuma yake wakacheka, kicheko kisicho na utamu.

"Yaya, munaenda wapi na bitunga?"

"Kutoa mihogo yetu. Ile iko nyuma yako. Tuliloweka siku ya kwanza, leo ni siku ya ine. Ikilala humo tena, kesho ni ya nzi."

Rosette akageuka kuangalia vidimbwi, akageuka tena. "Si ya bafanyakazi ya papa Placide?"

"Mufanyakazi yake ni nani? Mimi?" Munira akashika kiuno. "Hii shimo nilionyeshwa na mama yangu, na yeye na mama yake. Placide alikuwa bado hajazaliwa, na baba yake alikula bugali ya humu humu. Anakujibu kwamba niko mufanyakazi, na weye unakubali? Weye, Rosette, mwenye kulalamikia batu mupaka yote?"

Hakuna matusi yaliyowahi kumwingia Rosette kama maneno hayo. Sikio moja likawaka, la pili likafuata.

Placide akasogea, mikono mfukoni. "Bamama, hakuna haja ya makelele. Mupite juu, kwa barabara, mukuje kuniomba mulangoni. Tutaongea."

"Tuombe mihogo yetu?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

Munira akanyoosha kidole. "Na hii kibao inasema nini?"

"Inasema tu muangalie miiba," akasema Placide. "Ni kwa usalama yenu."

Rosette alikuwa bado amekishika kile kibao kwa mkono mmoja. Akakinyoosha vizuri, wote wakione.

"Haisemi vile," akasema. "Inasema: hapa ni kwa mutu mumoja, kupita ni marufuku. Maneno ine tu ya Kifaransa, na mwiba haumo hata mumoja."

"Mama, weye ni fundi. Hauko mwalimu."

"Kwa maneno ine, primeri inatosha. Weye ulisoma zaidi, kwa nini unasoma vibaya?"

Safari hii wanawake walicheka kweli. Rosette akaingiza koleo kwenye tundu la juu, akasokota waya kinyume, kibao kikaanguka kwenye majani. Halafu akaenda kwenye nguzo iliyokuwa mbele ya njia.

"Usikate waya yangu," Placide akasema. "Ukikata, nitakupeleka kwa polisi leo leo."

"Waya yako sikati. Ninafungua fundo yangu."

Na ndivyo alivyofanya, mchana kweupe, bila haraka. Mafundo manne ya nguzo ya kwanza, manne ya pili, manne ya tatu. Kufungua ni kazi kuliko kufunga, hasa kama aliyefunga alikuwa hodari, na kila fundo lililogoma lilimzidishia hasira, kwa sababu alikuwa anagombana na mikono yake mwenyewe. Si kwamba Placide alitaka ardhi. Watu wanataka ardhi, dunia ndiyo hiyo. Lakini amchukue yeye, mwanamke, amlishe uongo wa mbuzi, amfungishe njia ya kina mama kwa koleo lake mwenyewe, halafu asimame pale na viatu safi akisema wamwombe mlangoni! Fundo la mwisho lilipoachia, waya ukalegea, akaukanyaga mpaka chini na kuutandikia ule mfuko wa mchele.

"Mupite. Muinue bikwembe."

Placide akapiga pikipiki yake kiki, akaenda kumtafuta shefu.

Wanawake wakaingia kwenye vidimbwi bila kungoja lolote. Mihogo ilikuwa imelainika sawasawa, inamenyeka kwa kidole. Ingekaa siku moja zaidi, wangekuwa wanachota uji. Jérémie akaweka sururu chini akaanza kusaidia kuondoa mawe.

Shefu Norbert alifika amekaa nyuma ya Placide, ameshika kofia isipeperuke. Akashuka, akaikunjua karatasi, akakohoa kama mtu atakayehutubia. Kabla hajafungua mdomo, mwanamke mmoja aliyekuwa ndani ya kidimbwi mpaka magotini akanyanyua kichwa. Alikuwa Chérie, mke wake.

"Papa Norbert," akasema, "unatafuta nini huku? Bugali ya mangaribi haijafika."

Shefu akaishusha karatasi. "Nilikuja kwa sababu ya karatasi."

"Karatasi gani?"

Rosette akajifuta mikono, akasogea. "Shefu, samahani. Ninakuuliza na heshima yote. Hii karatasi inasema parseli inaishia mutoni. Siku ulipiga kashe, ulikuwa umesimama hapa ao ulikuwa umekaa?"

"Kashe ni kashe, mama."

"Ulikuwa umesimama ao umekaa?"

Shefu akamtazama Placide, akamtazama mke wake, akaitazama mihogo. "Nilikuwa nimekaa," akasema polepole. "Kwa bureau. Aliniambia chini kuko majani tu."

Chérie akatupa muhogo kwenye kitunga chake, ukalia kama kofi.

"Shefu, nilikupa document yote," Placide akasema.

"Ulinipa karatasi. Haukunipa mutu hata mumoja wa kusema mupaka ni wapi." Shefu akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni mwake mwenyewe, si mwa Placide. "Siku ya posho, keshokutwa, tutatembea mupaka wote na miguu, na majirani yote. Na hawa bamama pia, ni majirani ya upande wa mto. Mupaka siku ile, njia ibakie wazi."

"Ibakie wazi kabisa ao kwa maneno?" Rosette akauliza. "Juu kesho atatafuta fundi mwingine kule Mboko, na wale wanafunga hata kaburi kama wakilipwa."

"Kabisa," akasema shefu. "Kata waya, ondoa nguzo."

Placide akaokota kibao chake kwenye majani, akakiweka chini ya kwapa, akaondoka bila kumpa shefu nafasi ya kukaa nyuma. Shefu alirudi kwa miguu, ikawa kama ameanza kutembea mpaka kabla ya siku yake.

Rosette na Jérémie waling'oa nguzo ya kwanza tu, ile ya katikati ya njia. Ncha za waya uliokatwa akazirudisha nyuma na kuzizungushia nguzo zilizobaki, ya pili huku, ya tatu kule, akazifunga, akazikunja zilalie chuma. Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani. Hakuna aliyemwambia ahsante, naye hakutaka ahsante. Alitaka saa zirudi mpaka Jumanne asubuhi, na saa hazirudi.

Munira alikuwa wa kwanza kutoka. Kitunga kilikuwa kimejaa mpaka juu, maji meupe yanamchuruzikia mabegani. Akafika kwenye uwazi, akajipima, akarudi hatua moja.

"Rosette. Kitunga haipiti."

"Inapita, yaya. Pita kwa ubavu."

"Miaka makumi tano ninapita hapa uso mbele. Leo nipite kwa ubavu?"

Rosette akaupima uwazi kwa macho. Kisha akachukua koleo, akaenda kuupanua kwenye nguzo ya tatu.