Nusu Omu

Nilipopata kazi kwenye kiwanda cha samaki nilikuwa nimekaa miezi minane bila ajira. Kiwanda cha nguo nilichokifanyia kazi tangu nitoke chuo cha ufundi kilikuwa cha umma. Kilipoanza kutafutiwa mwekezaji, mafundi umeme wote tuliitwa ofisini, tukapewa barua, tukaambiwa tukajitegemee. Wenzangu wengine walifungua vibanda vya kutengeneza redio pale Mkuyuni. Mimi nilibaki nyumbani nikimtazama mke wangu akinikwepa macho. Niliposikia kwamba ufukweni kuna viwanda vipya vya minofu ya sangara na wanatafuta mtu wa umeme, niliondoka asubuhi ileile, shati likiwa bado bichi mgongoni.

Ukumbi wa kukatia samaki ulikuwa mrefu, na sakafu yake haikukauka hata siku moja. Wanawake walisimama kwenye meza za chuma, kila mmoja na kisu chake, kuanzia asubuhi hadi jioni. Meza ya mwisho, iliyoegemea ukuta, ilikuwa ya mama mmoja wa Sengerema, mtu mzima kuliko wenzake.

"Shikamoo mama," nilimwamkia kila nilipopita.

"Marahaba fundi. Leo umeme wako hautatukimbia?"

Wengine waliniogopa kwa sababu nilivaa ovaroli na niliingia ofisini. Yeye alinitania, na mara kwa mara aliniwekea kipande cha kiazi kitamu ndani ya kitambaa.

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na mashine ya kutengeneza barafu, mtumba kutoka ng'ambo. Mota yake ilikuwa inaguna kama mtu aliyebebeshwa mzigo asiouweza. Nikapima. Kwenye swichi kubwa nilipata volti mia mbili na thelathini. Kwenye mashine yenyewe, hatua chache tu mbele, volti mia mbili na tano. Mkondo ulikuwa ampea hamsini. Nilichuchumaa nikaandika kwenye kipande cha boksi. Volti ishirini na tano zilikuwa zinapotelea njiani. Ukizigawanya kwa ampea hamsini unapata ukinzani wa nusu omu. Waya wa unene na urefu ule haukutakiwa kufika hata robo ya hapo, kwa hiyo ndani ya ukuta kulikuwa na kiungo kibovu. Kisha nikazidisha, ishirini na tano mara hamsini. Wati elfu moja mia mbili na hamsini. Ilikuwa kama pasi ya umeme iliyowashwa na kufungiwa ukutani, nyuma ya meza ya mwisho.

Nilimpelekea meneja kile kipande cha boksi. Hakukigusa.

"Mashine inatoa barafu, haitoi?"

"Inatoa, bosi."

"Sasa shida iko wapi?"

"Waya unaungua. Nipe saa tatu tu niizime, nipasue ukuta, nibadilishe."

"Saa tatu samaki wanaoza, na ndege ya mizigo haitusubiri." Akafungua droo, akanisogezea fomu. "Kesho anakuja mkaguzi. Andika hapa kwamba laini iko salama, halafu weka sahihi. Kama huwezi, nje ya geti wamejaa mafundi waliopunguzwa kazi kama wewe."

Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kama wa mtu asiye na wasiwasi. Kile kipande cha boksi nilikitupa mwenyewe kwenye pipa la matumbo ya samaki.

Siku ya tano tangu niweke sahihi, saa nne asubuhi, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilikimbilia swichi kubwa. Kabla sijaifikia, wanawake walikuwa wameshaanza kupiga kelele. Waya ulikuwa umeyeyusha ganda lake, plasta ikabanduka kwa joto, na waya mtupu ukagusa mguu wa meza ya chuma, na yule mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mkono wa kulia, hawezi kuachia. Nilipozima umeme alianguka kwenye maji.

Alipona, lakini vidole viwili vilikatwa, na vilivyobaki vilikunjika visinyooke tena. Uchunguzi wa kiwanda ulisema alivaa viatu vilivyopasuka, kwa hiyo uzembe ulikuwa wake. Viatu vile alipewa na kiwanda. Mimi sikuulizwa chochote. Fomu yangu ilikuwa kwenye faili.

Baada ya miezi miwili nilipanda kivuko nikaenda Sengerema. Nilimkuta nyumbani kwa dada yake, amekaa chini, anajaribu kumenya mihogo kwa mkono wa kushoto. Hakuitania kazi yangu safari hii. Aliitikia shikamoo yangu, akanionyesha kigoda.

"Fundi," alisema, "ulijua?"

Njiani nilikuwa nimetunga majibu mengi. Sikutumia hata moja.

"Nilijua, mama."

"Ulijuaje? Waya ulikuwa ndani ya ukuta."

Nikamweleza. Alitaka kujua kila tarakimu, nikachora kwenye vumbi kwa kijiti. Alifuatilia kwa makini, midomo ikitembea.

"Kumbe ni kugawanya na kuzidisha tu?"

"Ndiyo."

"Mimi niliishia darasa la saba. Hesabu hii hata mimi ningeiweza." Aliweka kisu chini. "Ungeniambia, ningehama meza."

Sikuwahi kufikiria hilo. Nilifikiria meneja, mkaguzi, geti na barua nyingine ya kupunguzwa. Kumnong'oneza mtu aliyesimama hatua mbili kutoka pale, ahame, hakukunijia kichwani hata mara moja.

Alirudia mihogo yake. Nilipoaga aliendelea kumenya, na sikusubiri.

Jumatatu nilikwenda kazini. Ukuta ulikuwa umeshapigwa plasta mpya, na kwenye meza ya mwisho alisimama mwanamke mwingine, aliyeanza kazi siku hiyo na hakunijua. Nilifanya kazi pale miaka minne zaidi.