Mstari Mgumu wa Twalibu

Twalibu alikuwa mtu wa gengi la reli, na jamani, mtu wa reli usimwambie habari ya kulegeza. Tangu kabla ya Uhuru alikuwa akikaza nati kati ya Tabora na Igalula, akijua kwamba nati ikilegea watu wanakufa. Hata kamba ya mbuzi wake, mwenye kutaka kuifungua atumie meno.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa, mkewe Batuli akapooza mkono wa kulia. Mkono wenyewe ndio uliokuwa ukifuma kitambaa cha sinia cha binti yao Mwanamkuu, aliyekuwa anaolewa Kaliua. Kwao Batuli, sinia la kwanza bibi harusi analowapelekea wakwe hufunikwa kitambaa cha mkono wa mama yake. Cha kununua? Afadhali lipelekwe wazi. Kitambaa kilikuwa nusu, harusi mwezi unaofuata, na Batuli kila akikitazama aligeukia ukutani. Hilo Twalibu hakuliweza.

"Nifundishe," alisema asubuhi moja, ameketi mkekani na ile sindano ya kulabu ya mkewe.

"Wewe?"

"Mimi. Mkono ndio unaoumwa, mdomo si mzima?"

Batuli akacheka, mara ya kwanza tangu augue.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi: chomeka sindano kwenye kitanzi, zungushia uzi, uvute utokee upande wa pili. Twalibu akachomeka, akazungusha, akavuta, kisha akavuta tena kuhakikisha. Mstari mzima ukawa mgumu kama ukingo wa mkeka. Alipotaka kuanza mwingine juu yake, sindano haikupata pa kuingilia. Jirani yao Yahaya akapita, akachungulia.

"Shemeji Batuli, mwambie huyo hakuna treni itakayopita hapo."

Twalibu akazidi kuvuta. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Legeza, baba Mwanamkuu," Batuli alisema.

"Nikilegeza itafumuka."

"Haifumuki. Kila kitanzi kimeshikwa na mwenzake."

Hakuamini. Batuli akauinua ule mkono wake mgonjwa kwa mkono mzima, akauweka kiganjani mwa mumewe. Tangu augue, Twalibu ndiye aliyekuwa akiuosha kila asubuhi, kidole kwa kidole, akiogopa kumuumiza.

"Unavyoushika huu," Batuli alisema, "ndivyo ushike uzi."

Twalibu alimpenda mwanamke huyu kupita kiasi na hajapata kumwambia, maana wanaume wa rika lake maneno hayo hawakuwa nayo. Akaushika uzi. Sindano ikapenya kwa taabu, lakini ikapenya, na mistari iliyofuata ikalala vizuri. Alitaka kuufumua ule wa kwanza, mkewe akakataa katakata.

Jioni ya kuamkia safari ya Kaliua, Mwanamkuu, aliyekuwa akifundwa kwa shangazi yake siku zote hizo, alikikunjua kitambaa kilichokwisha, akakipapasa. Vidole vikafika kwenye mstari mgumu, vikasimama. Akautazama mkono wa mama yake, kisha vidole vya baba yake vilivyochomwachomwa na sindano, akaelewa. Machozi yakamlengalenga.

"Baba, wakwe wakiniuliza ni mkono wa nani, niseme nini?"

"Sema wa mama yako," Twalibu alisema. "Mimi nilimshikia tu."